Rangi Haikai Juu ya Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa kliniki ya sukari. Dakitari, binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake, aliniambia, "Babu, andika kila siku umekula nini na mashine imesoma ngapi. Na uandike ukweli." Nimekula ugali na sato. Mashine sikuigusa. Ukweli ndio huo. Sasa zimebaki kurasa mia moja tisini na tisa, na mimi wa darasa la nne sijapata kupewa karatasi nyingi hivi bure. Nitaandika habari za gari.

Gari ni Toyota Karina. Nililipata miaka ishirini na mbili iliyopita kwa mwalimu mmoja wa Musoma, ambaye alilia wakati ananikabidhi funguo. Nilidhani analia kwa uchungu. Siku hizi najua ilikuwa furaha. Lipo hapa uani Nyegezi, limebanwa kati ya mawe mawili makubwa, na turubai juu yake. Injini nzima. Mwili ndio umeoza. Tena mwezi wa kwanza liliingia kwenye mtaro kule Igoma, ubavu wa kushoto ukachubuka kuanzia taa mpaka tairi la nyuma. Liliteleza. Ndivyo nilivyowaambia watu wote na ndivyo ninavyoandika.

Jana mwanangu Pius amepiga simu kutoka Dodoma, ambako ana ofisi na kiti cha kuzunguka.

"Baba, Pasaka nakuja. Hilo gari likiwa kama lilivyo, naita watu wa chuma chakavu, na wewe na usukani basi."

"Na ukilikuta limekuwa jipya?"

"Nani atalifanya jipya?"

"Mimi, kwa mikono hii hii iliyokutawaza."

Akacheka, halafu akasema haya, kama Pasaka atalikuta limenyooka na lina rangi, hatasema tena neno, niendeshe mpaka nife. Nikamwambia hiyo mpaka nife si mbali, avumilie kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre amenipaka majivu kwenye paji, kumbuka u mavumbi, nikarudi nyumbani nikaanza kupiga msasa. Kufika saa sita nilikuwa mavumbi kuanzia unywele mpaka ukucha. Padre na kidole chake kimoja angeona aibu.

Msasa namba themanini ndio mkali, unakula rangi ya zamani na kutu. Nimekata kipande cha ndala iliyochoka nikaviringishia karatasi, maana ukitumia vidole vitupu unachimba mifereji. Nimemaliza boneti nusu. Bega linauma mpaka kwenye jino.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimekaa chini ya turubai na Karina kama wachumba.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja Venant, fundi bodi wa pale barabarani. Ni Mhaya, kwa hiyo hata kuangalia kutu anaanza kwa kuvua miwani.

"Shikamoo Mzee Mhoja."

"Marahaba. Usiguse."

"Mzee, lete gereji kwangu. Siku nne tu, unakuja kulichukua linang'aa."

"Pius akisikia ni wewe atasema gari limenishinda. Lazima niwe mimi."

"Na mgongo wako unasemaje?"

"Mgongo hauna kura nyumba hii."

Akalizunguka gari. Akasema niondoe kutu mpaka chuma kiwe cheupe, la sivyo nitakuwa napaka kaburi chokaa. Nikamuuliza Wahaya wanazikwa na chokaa au na vyeti vya shule. Tumecheka, ila nilipokuwa namsindikiza nimetembea mpaka barabarani na kurudi nikiwa na ndala moja. Sikujua ya pili imenitoka wapi. Dorotea mke wangu aliiokota penye ngazi, akaiweka mlangoni, pua ikitazama nje. Hakusema kitu. Huyu mama kutosema kwake ni kazi ya siku nzima.

Jumanne, 11 Machi

Msasa. Ugali, mchicha.

Jumatano, 12 Machi

Msasa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimepiga puti ubavu wa kushoto. Puti ni kama uji wa mtama wenye hasira: unachanganya na dawa yake kidogo kwenye bati, una dakika tano, baadaye ni jiwe. Bati la kwanza lilinigandia mkononi nikiwa bado nabishana na Akelo.

Akelo ndiye jirani yetu, Mjaluo wa Shirati, mjane, anakaanga sato na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, kwenye kikaango kinachotosha kuogeshea mtoto, mita tano kutoka kwenye taa ya Karina. Moshi wake unakuja moja kwa moja kwangu.

"Mzee, hicho unachopaka kinaliwa?"

"Njoo uonje. Kitakuziba mdomo mpaka Krismasi."

"Lakini kweli mzee, mlango umepinda. Mimi naona kutoka hapa."

"Wewe umeoa mlango? Geuza samaki wako."

Mlango umepinda kweli. Usiku sikulifikiria hilo, nililifikiria la Dorotea. Tangu nimeanza kazi hii hajalisogelea gari. Anapita mbali, kama anapita penye mbwa. Jioni Pius alipopiga simu yeye aliichukua akaenda kuongea nyuma ya jiko, sauti ya chini. Mke wangu wa miaka arobaini na mitatu amekuwa mpelelezi wa serikali ya Dodoma.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa mafundi. Umeme hakuna, mvua ipo. Ahsante Yosefu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimechoka vibaya. Nimeiandika hiyo kwanza ili nikiiacha kalamu hapa ieleweke.

Msasa una tabia mbaya: ukifanya vizuri, kinachoonekana ni kwamba hujafanya kitu. Wiki tatu nimesugua, na gari linafanana na ng'ombe mwenye ukurutu. Hapa jeupe, hapa jekundu la kutu, hapa jivu la puti. Watu wanaokwenda kwenye mabasi wanapita wanasema pole mzee, kana kwamba kuna msiba. Kijana mmoja ameniuliza kama ninauza vipande.

Chini ya mlango wa nyuma nimekuta tundu, kidole kinapita. Nilikaa chini kwenye jiwe, nikachungulia humo ndani, nikaona giza tu, halafu nikajiuliza kwa nini mtu wa miaka sabini na moja anashindana na mwanawe kwa karatasi za msasa. Jibu nilikuwa nalo. Bila gari, Dorotea ataenda misa kwa bajaji, mimi nitasubiri Pius atoe ruhusa ya kwenda Magu kuona kaburi la mama, na mwisho nitakuwa mzee wa kubebwa. Nimeona wazee wa kubebwa. Wanawekwa kwenye kiti, wanahamishwa jua likifika, kama dagaa.

Nimeinuka nikaziba tundu kwa bati la kopo. Mashine ya sukari imesoma kumi na nne. Haya dakitari, umefurahi?

Jumamosi, 29 Machi

Venant amenifundisha kitu leo, ingawa sitamwambia. Anasema jicho ni mwongo, kiganja ndicho kinaona. Unafumba macho, unapitisha mkono taratibu juu ya puti, na pale penye bonde utapasikia. Nimefanya hivyo kutwa nzima. Msasa namba mia na themanini, halafu mia tatu na ishirini, halafu kiganja, halafu msasa tena. Mlango wa mbele nimeurudia mara sita.

Akelo kaniona nimefumba macho namshikashika Karina akaita watu.

"Njooni muone, mzee anaombea gari!"

"Ninalibembeleza. Marehemu mumeo hakuwahi kukuonyesha?"

Wanawake wanne wamecheka mpaka mmoja akamwaga maji ya kuoshea samaki. Dorotea alikuwa dirishani. Hakucheka. Alikuwa anaangalia kiganja changu, au miguu yangu, kwa mbali sikuweza kujua.

Jumanne, 1 Aprili

Nimelisugua na msasa wa maji, nikalikausha, nikalifuta lote kwa thina. Safi kama sahani ya padre. Kesho praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Mchana nimekwenda kwa Venant kumwomba kompresa, mashine ya upepo, na bomba la kupulizia. Kanipa, ila kanishikilia nusu saa akinieleza Kihaya chake cha kompresa.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui niandikeje.

Nimeamka saa kumi na mbili, nimefunika vioo kwa magazeti, nimewasha kompresa. Jogoo wa Akelo alikimbilia juu ya jiwe. Praima ya kijivu ikatoka laini, kama pumzi kwenye kioo, na kwa dakika kumi niliona gari. Si ng'ombe mwenye ukurutu, gari. Nikaimba.

Halafu boneti ikaanza kufumbuka. Kijishimo kimoja, pembeni yake kingine. Praima inajivuta, inakimbia, inaacha duara dogo na chuma katikati linakuangalia. Boneti, milango yote minne, buti. Mahali pengine safi, mahali pengine mashimo mamia. Nikazidisha praima ili nifunike, yakazidi.

Venant alikuja akainama.

"Macho ya samaki haya, mzee. Rangi haikai juu ya mafuta. Kuna mafuta yamegusa."

"Nimefuta kwa thina lote!"

"Baada ya kufuta yameingia."

Nikainua kichwa. Mita tano kutoka kwangu, moshi, kikaango, na Akelo anageuza panki huku anaimba kwaya. Nilikwenda pale na bomba mkononi.

Maneno niliyosema sitayaandika yote, daftari ni la kliniki. Nilimwambia amenipulizia mafuta ya mapanki mwezi mzima. Nilimwambia aende akakaange Shirati. Yeye kwanza alidhani ni utani, akanijibu, "Mzee, Karina ana wivu na samaki wangu?" Halafu akaona uso wangu. Akazima jiko. Wateja walikuwepo.

Nilirudi nikachukua msasa nikasugua praima yote mbichi mbichi kwa hasira, ikawa tope. Dorotea alisimama mlangoni ameshika ufagio.

"Ni Akelo," nikamwambia.

Akageuza ufagio mkononi.

"Kama unasema ni Akelo," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mikono haifungi. Dorotea amenifunga vifungo vya shati.

Ijumaa, 4 Aprili

Akelo amehamisha jiko nyuma ya nyumba yake, penye upepo mbaya na njia ya kinyesi cha mbuzi. Wateja hawapaoni. Hajanisalimia. Mimi nimesugua boneti. Namba mia tatu na ishirini.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku kumi na tatu zimebaki. Mvua asubuhi, msasa mchana. Nimeota nasugua meza ya altare na padre ananiambia bado, bado.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefuta tena kwa thina, mara mbili, kwa kitambaa kipya. Nikaenda kwa Venant kuchukua kompresa. Safari hii sikukaa, ila njiani mguu ulikunjamana nikakaa kwenye jiwe la wauza vocha kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili

Macho ya samaki. Boneti. Milango minne. Buti. Pale pale.

Safari hii sikuwa na nguvu ya kumtukana mtu. Niliweka bomba chini, nikakaa juu ya tairi la akiba, nikamtuma mpita njia amwite Venant. Jua la saa moja lilikuwa bado liko chini, linakuja ubavuni. Venant alifika, akachuchumaa mbele ya mlango wa dereva, akafumba jicho moja. Akahamia mlango wa pili. Akaenda kwenye boneti. Akarudi anajiuma mdomo.

"Mzee, nikuulize. Mafuta ya Akelo yanaruka na upepo?"

"Ndiyo."

"Yanajua kuchora msalaba?"

Nikainuka. Nikachuchumaa alipochuchumaa yeye, ilinichukua muda. Ni kweli. Yale mashimo hayakuwa yametawanyika. Yalikuwa yamepangwa, mstari wa kushuka na mstari wa kukatisha, upana wa kidole gumba, ukubwa wa kiganja. Msalaba mlango wa dereva. Msalaba kila mlango. Kwenye boneti msalaba mkubwa wenye mkia, pale mkono ulipoteleza.

Venant akaniangalia, nikamwangalia.

"Nenda nyumbani, Venant."

"Naenda, mzee."

Alikwenda hatua tatu akaanza kucheka, akaweka mkono mdomoni, akaondoka mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Mara ya kwanza nilikuwa nimeufuta msalaba kwa hasira zangu kabla sijauona, halafu nikamfukuza mwanamke penye biashara yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana sikuongea naye. Nilitaka nimpe dawa yake mwenyewe ya kutosema, ila siijui kuipika vizuri, leo asubuhi ikanishinda. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama Pius, umelipaka gari langu mafuta?"

"Nimelipaka."

"Ya kula?"

"Ya baraka. Ya kikundi chetu cha karismatiki. Padre ameyabariki mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ulipoyafuta nikarudia. Ulipokwenda kwa Venant."

"Na uliniona namtukana Akelo, ukanyamaza!"

"Sikujua mafuta ya baraka yanafukuza rangi. Nilidhani kweli ni ya samaki." Akachambua kidogo. "Nilitaka iwe ni ya samaki."

Nikamwambia ameniharibia kazi ya wiki tano, kwamba amefanya hivyo makusudi ili Pius alikute gari bovu, kwamba wamepanga kwenye simu nyuma ya jiko. Nilipiga kelele. Aliacha nimalize. Halafu akaweka ungo chini.

"Siku ile ya Igoma mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Pembeni yangu."

"Nilikuwa naangalia nini?"

"Nitajuaje?"

"Nilikuwa naangalia mguu wako, Baba Pius. Ile bajaji ilipokatisha, ukakanyaga. Ukakanyaga mafuta. Gari likaruka, ukazidi kukanyaga, na uso wako umetulia kabisa, kama mtu aliyeshika breki."

Nikaokota punje ya mchele chini.

"Ulidhani umeshika breki?"

"Nilidhani."

"Sasa hivi ninakukanyaga. Unasikia?"

Nikatazama chini. Kisigino chake kilikuwa juu ya vidole vyangu vya mguu wa kulia.

"Nasikia," nikasema.

"Umetazama kwanza."

Kuku waliingia, akawafukuza, akarudi.

"Na Pius ulimwambia nini?"

"Nilimwambia liliteleza. Kama ulivyosema wewe. Kila akipiga simu ananiuliza, mama, kweli liliteleza? Namwambia liliteleza. Naenda nyuma ya jiko ili usinisikie nikisema uongo."

Basi. Nimeandika. Dakitari alitaka ukweli: mguu wa kulia kuanzia kifundo kwenda chini haupo. Unanifuata tu. Tangu kabla ya Krismasi. Nilikuwa naujua na sikuwa namwambia mtu, hata hili daftari.

Nilimwambia Dorotea nikishapaka rangi nitaendesha polepole. Kanisani na kurudi. Aliinuka, akachukua ndoo, akaniuliza mafuta yale ya baraka yanatoka kwa kitu gani.

"Kwa sabuni, na thina, na msasa."

"Haya, nionyeshe."

Jumamosi, 12 Aprili

Dorotea anapiga msasa. Amefunga kanga kiunoni, hasemi, hachoki, hachimbi mifereji. Kila akifika penye msalaba wake anafanya ishara ya msalaba kwanza ndipo anasugua. Nikamuuliza kama kufuta baraka ni dhambi. Akasema baraka imeshaingia kwenye chuma, juu ni mabaki tu.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nimekwenda kwa Akelo nikiwa na tawi la mtende mkononi, maana sikuwa na kingine.

"Mwanangu Akelo, nimekuja."

"Karibu, mzee. Leo una bomba?"

"Nina tawi. Nipige nalo."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye misalaba alishika nguzo. Alicheka mpaka akakaa chini, akaita kwa Kijaluo vitu ambavyo nashukuru sijui maana yake. Halafu akafuta machozi, akasema mbele ya wateja nilimwita mchafu, na hilo halichekeshi. Nikamwambia ni kweli, halichekeshi. Nimelibeba jiko lake mwenyewe mpaka pale pa zamani, mimi na Dorotea, na nimenunua panki mbele ya watu nikalila nimesimama, nikilisifu kwa sauti kama mnadani. Dakitari, nimekula mafuta.

Jumanne, 15 Aprili

Praima imekaa. Imekaa! Hakuna jicho hata moja. Saa kumi upepo ukageuka, likaja wingu la wadudu wa ziwani, mamilioni, wakashuka kwenye paa bichi wakagandia humo na mabawa yao. Nimekaa nikawaangalia wanavyokufa. Sikuwa na hata tusi lililobaki. Kesho ni msasa wa maji, namba mia nne.

Jumatano, 16 Aprili

Namba mia nne, halafu mia sita. Dorotea upande wa kushoto, mimi wa kulia. Tumekutana kwenye buti.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Nimepuliza rangi. Nilitaka nyekundu, Venant alisema nyekundu inasema kila kosa, rangi ya maziwa inasamehe. Kwa hiyo ni maziwa. Makoti matatu, moja juu ya jingine. Mlango wa mbele wa kushoto bado umepinda, Akelo alikuwa na haki. Chini ya taa ya nyuma pametiririka chozi moja, nimeliacha. Kulisugua ni kuanza msasa upya.

Kazi imekwisha. Nilitegemea nitafurahi. Nimelala na viatu.

Ijumaa Kuu

Kimya. Nimejaribu kukanyaga breki gari likiwa limezimwa. Ukitazama, unaweza. Ila huwezi kutazama mguu na barabara.

Jumamosi, 19 Aprili

Pius amefika na basi la mchana. Amesimama mbele ya Karina na begi bado mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nani amefanya hivi?"

"Mikono hii."

"Peke yako?"

"Na mama yako, na majeshi ya mbinguni."

Hakuelewa. Amepitisha kiganja kwenye boneti, akapitisha mlangoni, akafumba macho bila mtu kumwambia. Nikaona machozi yamemlenga. Akasema, "Baba, umenishinda. Mimi si mtu wa kurudi nyuma. Gari lako, usukani wako." Akanikumbatia mbele ya Venant, ambaye alikuja kuona kama nitamtaja. Nimemtaja.

Nimeshinda, basi. Dorotea amepika pilau. Amenipakulia nyama mbili, na macho yake hayakuinuka sahanini.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Asubuhi tumevaa. Akelo ameomba lifti, amekuja na kitambaa cha kichwa kikubwa kama tanga. Pius akanipa funguo kwa mikono miwili, kama anamkabidhi askofu fimbo.

"Tupeleke, mzee."

Nikaingia. Pius na Akelo nyuma. Dorotea akaja upande wake wa siku zote, pembeni yangu, akafunga mkanda, akaweka rozari mapajani. Hakuishika. Aliiweka tu, akakunja mikono, akatazama mbele. Nikawasha. Karina akaitika mara moja. Nikatafuta breki, ikabidi niinamishe kichwa nione mguu umefika wapi.

Nilipoinua kichwa nikamtazama Dorotea. Alikuwa ameniona. Na alikuwa amekaa vile vile, ametulia, nguo yake nzuri, tayari. Hakuwa anaomba nisiende. Alikuwa anakwenda na mimi. Mtaroni, ziwani, popote nitakapolipeleka, atakaa pale pembeni, na Pius akiuliza atasema liliteleza.

Nikazima.

"Vipi, mafuta yameisha?" Pius akauliza.

"Hapana. Njoo huku mbele."

"Baba?"

"Mguu wangu wa kulia umekufa. Igoma halikuteleza, nilikanyaga mafuta badala ya breki. Mama yako alikuwa anajua, nilimfanya mwongo miezi minne. Njoo uendeshe, misa inaanza, na usilipige gia kama jembe."

Dorotea akachukua rozari akaitia kwenye mkoba, akafungua dirisha, akatoa kiwiko nje, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya tangu nimjue.

Nikazunguka nikakaa nyuma na Akelo. Sijapata kukaa nyuma ya gari langu, hata siku moja. Tulipofika kwenye tuta la kwanza kitu kikanichoma takoni nikaruka mpaka kichwa kikagonga paa.

"Kuna springi hapa!"

"Ipo," akasema Akelo.

"Tangu lini?"

"Mzee, tangu nimehamia hapa. Unadhani kwa nini kila siku nawahi upande huu?"

"Miaka tisa! Na hakuna aliyeniambia?"

Dorotea akageuka kutoka mbele.

"Ungetusikia?" akasema.

Nimekaa upande upande mpaka kanisani.